Bibi Anapiga Hodi Kwake

Bibi Khadija alikuwa na hakika kwamba mimi ndiye ninayemfutia maua yake.

Kila asubuhi akishamaliza chai alikaa kwenye meza ya mjukuu wake Uweso, ambaye ndiye mume wangu, akawasha kompyuta na kuchomeka flashi yake. Humo mlikuwa na picha ya mawaridi mekundu. Aliiweka ijae kioo kizima, akaitazama kidogo, akaridhika, ndipo akafungua kaswida zake. Kesho yake akirudi, mawaridi hayapo. Kioo kimerudi bluu, kitupu, kama hakuna mtu aliyewahi kukaa pale.

"Mke mwenzangu," aliniita, nami niko jikoni, "wivu utakukondesha. Na mtoto huyo wa tumboni atatoka na kijicho."

"Sijagusa kitu, Bibi."

"Hujagusa. Maua yameota miguu."

Uweso ni mume wake tangu siku alipozaliwa, na mimi nimekuja juzi tu kutoka Kigombe na sanduku langu, nimemkuta mwenyewe ndani. Mke mdogo hajibizani na mke mkubwa mambo ya maua.

Lakini nilimjua anayeyafuta.

Uweso anapiga video za harusi na kuzitengeneza hapa hapa nyumbani, Chumbageni, kwenye chumba cha mbele. Wakati wa mvua za vuli Bibi alichomeka kwenye kompyuta ya Uweso flashi iliyokuwa imezunguka kwa wanawake wote wa chama chao cha maulidi. Ndani palikuwa na kitu kimeandikwa "Bonyeza upokee zawadi", na Bibi si mtu wa kukataa zawadi. Alibonyeza. Adhuhuri ilipoadhiniwa, harusi ya watu wa Raskazone ilikuwa imeshaliwa na virusi, bwana harusi, bibi harusi na wapambe wao. Kilichosalimika ni kipande cha kukata keki.

Ikabidi maharusi wale, Luka na Precious, wavae tena, wasimame tena ufukweni, watazamane tena. Walikuwa wameshakaa nyumba moja kwa muda, na siku hiyo walikuwa wamenuniana. Ukiitazama video utaona Precious anavishwa pete kama mtu anayechomwa sindano.

Bibi alipouliza kimetokea nini, Uweso alisema ni radi. Radi haina ndugu wa kuitetea.

Baada ya hapo akakaa siku nzima na kompyuta yake, na ndani yake akatengeneza kompyuta nyingine. Mimi nilikaa pembeni nachambua mboga, nikamtazama, nikauliza. Alinieleza vizuri. Wataalamu wanaiita mashine pepe. Haina kasha wala waya, ni programu tu, lakini ina kioo chake, mafaili yake na saa yake, na yenyewe inajiona kompyuta kamili. Haijui kwamba inaishi ndani ya mwenzake. Uweso aliinyima mtandao, akaizuia isione kazi zake hata moja. Akaiachia mlango mmoja, wa flashi. Flashi ya Bibi ikichomekwa inafungukia humo, virusi vikitoka vinakula humo, vikimaliza vinatazamana. Jioni akishaizima, kesho inaamka kama ilivyokuwa siku ya kwanza. Virusi vimekufa, na mawaridi nayo yamekufa.

Hayo alinieleza mimi. Bibi alimwambia, "Bibi, nimekutengenezea kompyuta yako mwenyewe," na Bibi akainua mikono akamwombea dua ndefu, ya riziki na umri na watoto wema, mpaka mimi nikaona haya kwa niaba ya Uweso.

Mambo yakaenda hivyo, Bibi anapanda maua, Uweso anayang'oa, mimi naitwa mwenye wivu.

Jumatatu moja Bibi alikuwa mezani anatazama kaswida zake, sauti ameipandisha. Simu ya Uweso ikalia; mteja alitaka kujua video yake imefikia wapi. Uweso, simu imebanwa begani, akajiinamisha juu ya bega la Bibi, akabonyeza mahali. Waimbaji wa kaswida, kanzu zao na kioo chao, vyote vikasinyaa pembeni vikawa kama picha ya kitambulisho. Na nyuma yake ikatokea nyumba nzima. Harusi za watu zimepangwa safu kwa safu, picha za babu marehemu, picha za Bibi mwenyewe siku ya Idd, zote ziko huko. Uweso akasoma alichotaka, akamjibu mteja wake, akawarudisha waimbaji mahali pao.

"Haya Bibi, endelea."

Bibi hakuendelea.

"Mume wangu," alisema taratibu, "mimi hapo nilikuwa wapi?"

"Wapi kivipi, Bibi?"

"Umenisogeza pembeni, nikaona ukumbi nyuma yangu. Watu wote wamo, hata marehemu yumo. Mimi peke yangu niko nje."

Uweso akacheka. Nilimkonyeza asicheke, hakuniona. "Si nje, Bibi. Hilo ni dirisha tu."

"Dirisha," Bibi alisema. "Hata baraza sikupewa."

Akachomoa flashi yake, akajitanda kanga, akachukua mkoba wake, akatoka akakaa kwenye baraza ya nje, mahali wanapokaa watu wanaokuja kuuliza habari na kuondoka. Nikadhani ni hasira za asubuhi, zitaisha na jua. Saa ya chakula nikasikia mlango wa mbele unagongwa.

"Hodi wenyewe."

Nyumba ile aliijenga marehemu mumewe. Udongo wa kuta zake aliukanyaga Bibi kwa miguu yake mwenyewe. "Bibi, pita," nikasema.

"Mpaka nikaribishwe."

"Karibu, Bibi."

"Starehe." Akaingia, akakaa kwenye kiti kilicho karibu kabisa na mlango, mkoba mapajani kama mtu anayesubiri gari. Nilikuwa nimepika bada, ugali wa muhogo, na mchuzi wa papa. Akala matonge ya adabu, akanawa. "Nimeshiba, Mwenyezi Mungu awazidishie. Mwenye nyumba una mkono mtamu."

Hapo ndipo nilipoogopa. Tangu nimeolewa Bibi hajapata kunisifu upishi. Chumvi ikipungua atasema, ikizidi atasema, na ikiwa sawasawa atauliza nani alikuja kunisaidia.

Akaongeza, "Samahani, msalani ni upande gani?"

"Bibi, msala si ule ule?"

"Nitajuaje? Mimi mtu wa barazani."

Siku ile na ya pili yake ikawa ndiyo hivyo. Akiletewa maji anashukuru kwa maneno ya khutuba. Akitaka kwenda kulala chumbani kwake anaomba ruhusa, anasema hatakawia. Nilipofagia aliinua miguu na kuomba radhi kwa usumbufu. Mimi nikafanya ninavyojua kumfanyia mgeni, nikamwekea sahani nzuri, nikamtandikia shuka la sandukuni, kila hodi nikaiitikia karibu. Nilidhani nikimheshimu zaidi atalainika. Nilivyozidi kumheshimu ndivyo alivyozidi kushukuru.

Jumanne jioni nikamsikia barazani anaongea na simu. Alikuwa anaongea na binti yake anayeishi Mwera, huko Pangani. "Ijumaa baada ya swala uje unichukue, mwanangu. Nimekaa ugenini vya kutosha, watu wasije wakanichoka."

Niliweka chini ndoo niliyokuwa nayo.

Uzazi wa kwanza mtu hurudi kwa mama yake. Mama yangu ametangulia mbele ya haki. Bibi ndiye aliyesema, tumbo halijaonekana hata, kwamba ataniuguza yeye. Atanikanda kwa maji ya moto, atanifunga mkaja tumboni, atalala chumba kimoja nami mpaka arobaini itoke. Nesi wa kliniki alikuwa ameshaniambia nisisafiri tena. Mwera si mbali kwa mwenye gari, lakini bibi aliyesusa hana umbali wa kupimwa. Na mimi sikuwa na mwanamke mwingine wa kumlilia.

Asubuhi nikamwambia Uweso, "Mweleze. Ulifanya mwenyewe, kaeleze mwenyewe."

Akatoka na kompyuta yake kifuani, akakaa chini kwenye jamvi mbele ya Bibi, kama mwanafunzi mbele ya mwalimu. Mimi nikakaa nyuma ya mlango na ungo wa mchele.

"Shikamoo Bibi."

"Marahaba, mwenye nyumba."

Uweso akaifungua kompyuta. "Bibi, kile chumba nilichokutengenezea kwenye kompyuta si cha dharau. Hebu mfikirie mzazi. Akijifungua mnamweka ndani arobaini, au siyo? Pazia linashushwa, hatoki, na si kila mtu anaingia. Mnamdharau?"

"Hatumdharau."

"Basi na mimi nimekuweka ndani namna hiyo. Ni heshima, Bibi. Ni hifadhi."

Mimi nyuma ya mlango nikaanza kufurahi, nikaona mume wangu leo ana akili. Ndipo Bibi akasema, kwa upole uleule wa mgeni:

"Mzazi tunamfungia asidhurike. Mimi umenifungia nisidhuru. Hayo mawili, baba, usiyafunge kwenye kanga moja."

"Si hivyo, Bibi."

"Basi ni vipi?"

Hapo ndipo palikuwa mahali pa kusema. Uweso alifungua mdomo, akautazama uso wa mwanamke aliyemlea, akaufunga. "Ni... ni mambo ya kitaalamu tu, Bibi."

"Ahsante kwa kunielimisha," Bibi akasema. "Umejisumbua."

Uweso akarudi ndani amebeba kompyuta yake kama mtu aliyerudishiwa posa. "Afadhali angenitukana," akaniambia.

"Na wewe ungemtukana kidogo," nikasema. Nilisema tu. Sikuwa nimelifikiria bado.

Mchana wa siku hiyohiyo akaja Praxeda, fundi cherehani wa nyumba ya pili. Watu wake walikuja zamani kufanya kazi kwenye mashamba ya mkonge, akazaliwa huku, na Pasaka hatuletei chakula bali anatuita tukale kwake. Akampa Bibi shikamoo pale barazani, akapita moja kwa moja mpaka uani, na viatu vyake vya matope.

"We Praxeda," nikamfokea, "macho umeyaacha kwenye cherehani? Nimepiga deki sasa hivi."

"Deki gani hii? Nilidhani umemwaga maji."

"Vua, au nitakupigisha deki kwa hiyo sketi."

"Nipe kwanza vitunguu, nitavua wakati wa kutoka."

"Vitunguu unavijua vilipo. Na juzi ulichukua kisu changu, kirudishe, mwizi mkubwa wewe."

Alikuwa anacheka, viatu ameshavishika mkononi. Nikainua macho. Kutoka uani, milango ikiwa wazi, unaona mpaka barazani. Bibi alikuwa amegeuza shingo yote anatutazama. Hakunitazama mimi, alimtazama Praxeda. Alimtazama vile mtoto anavyomtazama mwenzake aliyepewa andazi.

Kisha akageuka haraka, akajitengeneza kanga.

Praxeda akaondoka na vitunguu vyake. Mimi nikabaki nimesimama na dekio. Huyu ni jirani, si ndugu, hata dini yetu si moja, na ndani ya nyumba ya Bibi anaitwa mwizi na anafokewa hadi anavua viatu. Na Bibi anaambiwa karibu. Anawekewa sahani nzuri, anapikiwa maneno laini. Tangu harusi ile kuliwa Uweso hajamwambia Bibi neno moja lenye mfupa. Yote ni "sawa Bibi", "haya Bibi", "endelea Bibi". Na mimi kwa siku mbili nilikuwa nimemzidi Uweso. Nilikuwa ninamfukuza kwa adabu.

Alhamisi asubuhi nikavunja nazi, nikaziacha juu ya mbuzi ya kukunia. Nikakaa nachagua mchele.

"Hodi wenyewe."

Sikujibu.

"Hodi humu."

Nikaokota kijiwe kwenye mchele, nikakitupa. Kwa desturi yetu hodi ni tatu. Ya tatu isipoitikiwa, mgeni mwenye heshima zake anageuka anakwenda zake, wala halaumiwi. Kama kweli Bibi alikuwa ameshajihesabu mgeni, angegeuka, na hiyo Ijumaa nisingekuwa na mdomo wa kumzuia.

"Hodi," akasema mara ya tatu, polepole.

Nilisikia ndara zake kizingitini. Hazikusogea mbele wala nyuma. Mtoto akanipiga teke, nikamwambia moyoni atulie, hayamhusu.

"Mastura." Aliniita jina langu. "Umekufa humo ndani?"

"Sijafa. Nachagua mchele."

"Husikii watu wanapiga hodi?"

"Nasikia. Mtu wa humu anapiga hodi ili iweje? Nazi zinakusubiri tangu alfajiri, na mbuzi iko palepale ulipoiacha. Ulidhani nitazikuna mimi, na tumbo hili, nijikunje kama pweza?"

Akatokea mlango wa uani, mkoba ukiwa mkononi. "Unamtuma kazi mgeni?"

"Mgeni gani, Bibi. Mgeni akija anakunywa maji, anaondoka. Hachomeki flashi ya chama kizima ikala harusi ya watu."

Nilipomaliza kusema nikaona mdomo wangu umetangulia mbali kuliko nilivyoutuma. Bibi akaweka mkoba chini.

"Harusi ipi?"

"Ya Raskazone. Haikuwa radi. Ni wewe na zawadi zako za kubonyeza. Ndiyo maana akakutengenezea kile chumba, ubonyeze mpaka uchoke na kisiharibike kitu. Na maua yako hafuti mtu. Chumba chote kinafutwa kila siku, na maua yamo humohumo. Miezi yote hii unanisingizia wivu."

Akaketi kwenye kigoda taratibu, kama mtu aliyeambiwa habari ya msiba. Nikaanza kujuta.

"Ililiwa yote?" akauliza.

"Ilibaki keki."

Akafikiri. "Keki yenyewe ilikuwa nzuri?"

"Ya ghorofa tatu, Bibi."

Bega lake likaanza kutikisika. Nikadhani analia, nikainuka nimshike, kumbe anacheka, amejiziba mdomo kwa upindo wa kanga na machozi yanamtoka. Na mimi nikacheka, nimeshika kiuno, mpaka Uweso akatoka chumba cha mbele kuja kuona kuna nini.

"Na huyu akanyamaza," Bibi akasema akimnyooshea kidole. "Njoo hapa, mwenye radi. Ulipokuwa mtoto ukamwaga samli yangu ya Idd, nilikufanya nini?"

Uweso akanitazama. Nilikuwa nachagua mchele.

"Ulinichapa, Bibi."

"Nilikuchapa. Sikukujengea chumba cha kumwagia samli, nikakwambia mume wangu hiki ni chako. Ungenijua vipi kama ni bibi yako?"

"Sasa mimi nikuchape, Bibi?"

"Jaribu." Akavuta mbuzi ya nazi miguuni kwake. "Sema. Sema kama ulivyotaka kusema siku ile, na mimi nisikie."

Uweso akakuna kichwa, akatazama juu ya paa, kisha yakamtoka. "Bibi, wewe unabonyeza kila kitu. Hata pakiandikwa usibonyeze, unabonyeza. Flashi yako ina wadudu kuliko godoro la bweni. Niliwavisha watu suti mara ya pili kwa sababu yako. Mbele ya kazi zangu siwezi kukuamini hata dakika moja."

Nilishusha macho kwenye ungo. Bibi alikuwa ameshaanza kukuna nazi, kwa nguvu.

"Haya," akasema. "Sasa unaongea na watu wa nyumbani kwako. Chumba changu kiache, nakitaka. Lakini utakaa hapa leo unioneshe kinavyozimwa, nikizime mwenyewe kwa mkono wangu. Na ile flashi ya chama nitaichomeka tena humo, tumuone huyo mdudu anavyokula na hana cha kula."

"Ndiyo, Bibi."

"Na mawaridi nitayapanda kila siku. Mbona kitanda changu nakitandika kila siku na jioni nakivuruga."

Simu yake ikaita ndani ya mkoba. Ni binti yake wa Mwera, anauliza kesho aje saa ngapi. Bibi akaiweka sikioni, mkono wa pili una machicha.

"Usije. Nina mzazi hapa, mwali wa watu hana mama." Akasikiliza. "Hapana, hawakuniomba radhi. Wamenisema. Wamenisema vizuri sana, yeye na mkewe." Akasikiliza tena, akacheka. "Nikuambie nini, hata wewe njoo siku moja, utasemwa."

Akaikata simu, akaniambia nisogee, nimemzibia mwanga.